SOMO: MANENO YA WATU WAKATI WA EBOLA

Tarehe 1 mwezi wa 8, mwaka 2018, serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ukaenea mpaka Ituri, ukakoma tarehe 25 mwezi wa 6, mwaka 2020. Watu 2,287 walikufa. Wakati ule watu walibishana sana, sokoni, redioni na kwa simu. Mabishano hayo yalitoka wapi?

Wengi hujibu: katika ujinga. Jibu hilo halitoshi, kwani kila upande ulilinda jambo jema.

Kwanza, heshima kwa wafu. Mtoto mwema huosha maiti ya mama yake. Lakini aliyekufa kwa Ebola huambukiza amgusaye. Waganga walikataza kuosha. Wazee wakaona ni dharau.

Pili, huruma. Mume alimficha mke wake mgonjwa, asife peke yake kati ya wageni. Mganga alitaka kumtenga, ili jirani wasife. Wote wawili walisukumwa na upendo.

Tatu, haki. Watu wa Beni walikuwa wameuawa na wenye silaha kwa miaka mingi. Tena mwezi wa 12, mwaka 2018, uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Basi wengi wakasema: ugonjwa huu ni hila ya siasa. Aliyeonewa huamini upesi neno baya. Mwezi wa 2, mwaka 2019, vituo vya wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto.

Ni nini kilichotuliza mioyo? Huko Beni wagonjwa waliwekwa katika vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, na jamaa waliweza kuwaona na kusema nao bila hatari. Waliopona waliwatunza watoto wa wagonjwa. Hapo desturi njema haikuvunjwa. Ilipewa njia mpya.

MAULIZO

Je, kila neno linalotokana na moyo mwema ni la kweli?
Hapana. Aliyesema Ebola ni hila alitafuta haki, lakini neno lake liliwazuia wagonjwa wasiende kutibiwa.

Mwenye hekima afanyeje asikiapo neno kama hilo?
Kwanza aulize mwenzake analinda nini. Kisha amweleze ukweli kwa upole. Wala asilipeleke mbele neno asilolihakikisha.