Kufuata Kivuli: Namna ya Kukaa Bustanini Nairobi Siku ya Jua

Jua la Nairobi lina hila. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, upepo wake una ubaridi hata mwezi wa Februari, na mgeni aliyezoea jua la Mombasa, lile linalomtoa mtu jasho kabla hajavuka barabara, hujilaza kwenye nyasi saa sita mchana akidhani amepata pepo. Jioni uso unamwaka na kichwa kinamgonga. Ubaridi wa hewa haupunguzi mionzi hata kidogo. Kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyopungua uzito na mionzi inavyopenya, takriban asilimia 10 zaidi kwa kila mita 1,000. Tena Ikweta yenyewe haifiki hata kilomita 150 kutoka hapa.

Ndiyo maana nikipanga siku ya bustani huanza na kivuli: kiko wapi sasa, na kitakuwa wapi saa mbili baadaye. Chakula, mkeka na maua hufuata.

Kwanza saa. Watu wengi hudhani jua huwa utosini saa sita kamili. Saa zetu Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo unaopita mbali mashariki ya Nairobi, kwa hiyo hapa jua hufika kileleni yapata saa sita na nusu. Hesabu saa tatu kabla ya hapo na saa tatu baada yake, utapata kipindi cha kuheshimu: kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Kama huna saa, tazama kivuli chako mwenyewe. Kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua ni kali, tafuta mti. Kikikupita urefu, tembea utakavyo. Mtoto wa darasa la pili hujifunza kanuni hii kwa dakika moja, na akishaijua atawasumbua nyumba nzima nayo.

Sasa kivuli cha mti. Asubuhi kinalala upande wa magharibi wa shina, kirefu na kizuri, na hapo ndipo familia nyingi hutandika leso zao saa nne, kwenye ncha yake ya mbali ambako nyasi ni safi. Kabla ya saa tano na nusu wote wako juani, wanaanza kuvuta leso, sufuria na watoto kidogo kidogo kuelekea shinani. Kivuli cha asubuhi kinarudi nyuma. Kile cha alasiri kinasonga mbele, upande wa mashariki. Basi ukifika mapema na unakusudia kukaa hadi alasiri, keti karibu na shina tangu mwanzo. Ukifika saa saba, tandika upande wa mashariki wa mti hata kama ukingo wa leso utakuwa juani kwa muda. Kivuli kitakujia chenyewe, na kila nusu saa kitakuwa kipana zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijali. Mwezi wa Januari, ambao ni wa jua kali hapa, jua la mchana hupita kusini mwa mji. Mti wa mita 15 mwanzoni mwa Januari husogeza kivuli cha kilele chake yapata mita 6 kuelekea kaskazini saa sita na nusu. Kufikia mwisho wa Februari umbali huo umepungua hadi mita 2 hivi, na katikati ya Machi kivuli kiko chini ya matawi moja kwa moja. Kuanzia Juni hadi Agosti mambo hugeuka, kivuli huangukia kusini, ingawa miezi hiyo Nairobi huvaa mawingu na sweta, na wenye kutafuta kivuli ni wachache.

Mti nao si mti tu. Mkaratusi ni mrefu na una harufu nzuri, lakini majani yake yananing'inia wima, mwanga unapita katikati kama kwenye chandarua. Zaidi ya hapo, mkaratusi una tabia ya kuangusha matawi bila onyo. Usilale chini yake. Mjakaranda ukichanua kati ya Septemba na Novemba ni wa kupigia picha, kivuli chake hakina uzito. Tafuta mti wa majani mapana yaliyobanana: mkuyu na ndugu zake, wakiwemo wale ambao Wakikuyu huwaita mugumo, au mwembe pale ulipo. Kabla ya kuketi inua macho, uone kama kuna tawi kavu; kisha inama, uone kama kuna siafu. Siafu hupenda ardhi yenye unyevu, na baada ya mvua ya usiku hupita kwa misururu kwenye njia na nyasi. Hawapigi hodi.

Kwa yote hayo, bustani ninayomshauri mtu aanze nayo ni Arboretum, iliyoko kando ya State House Road kuelekea Kileleshwa. Ilianzishwa mwaka 1907, wakati reli ilikuwa inakula kuni na serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua haraka hapa. Majaribio yale ndiyo kivuli chetu leo: ekari zaidi ya 70 zenye aina zaidi ya 300 za miti, ya kienyeji na ya kutoka mabara mengine, na mingi ina vibao vya majina. Mzazi mwenye watoto wakubwa hana haja ya kubeba michezo. Awape karatasi wakatafute miti kumi yenye asili ya Afrika, apumzike saa nzima.

Nenda siku ya kazi ukiweza. Jumamosi na Jumapili Arboretum hujaa maharusi na wapiga picha wao, vikundi vya ofisi vinavyovuta kamba, na vyama vya akina mama vyenye masufuria ya pilau. Si vibaya, ila kivuli chema kitakuwa kimechukuliwa kabla ya saa nne. Siku yoyote utakayokwenda utawakuta watu wakitembea peke yao kati ya miti wakisema kwa sauti, mara nyingine wakilia. Wako kwenye maombi. Wapitie mbali, wala usiwaelekezee simu. Na kwa kuwa Ikulu ni jirani, kamera yako iangalie miti, isiangalie upande wa Ikulu wala walinzi wake.

Getini kuna kiingilio, na mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Weka pesa kwenye simu kabla hujatoka. Noti mkononi haisaidii siku hizi. Ukija na mpiga picha mwenye kamera kubwa, uliza getini mapema kama kuna ada yake, usingoje kuulizwa na askari katikati ya picha.

Mfanyakazi wa mjini mwenye saa moja ya chakula cha mchana hawezi kufika huko akarudi kazini. Wake ni Jeevanjee, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu Street. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi, aliitoa ardhi ile kwa umma mwaka 1906, na mwaka 1991 mjukuu wake, Zarina Patel, alikuwa mbele katika kupinga mpango wa kuijengea. Haina kiingilio. Viti vya kivulini hujaa saa saba, kwa hiyo toka ofisini mapema kidogo au kubali kusimama. Utapata pia mahubiri na mjadala wa siasa wa bure, wote kwa sauti ya juu; asiyetaka hayo akae mbali na pale umati ulipojikusanya. Simu iwe mfukoni mwa mbele, na begi liwe mapajani, lisiwe ubavuni.

Uhuru Park nahifadhi kwa alasiri. Ilifunguliwa mwaka 1969, na nyasi zake ni pana kuliko vivuli vyake, hivyo saa sita ni mahali pa kuungua. Lakini bustani iko magharibi ya mji, ng'ambo ya Uhuru Highway. Baada ya saa kumi jua linakuwa mgongoni mwako unapoutazama mji, na majengo yote yanawaka dhahabu mbele yako. Panda sehemu ya juu, upande wa Upper Hill, ndipo upige picha. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 kwenye nyasi hizo, na Wangari Maathai akakataa mpaka mpango ukafa. Ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati mrefu, na sherehe za taifa nazo zina kawaida ya kuiteka. Ulizia kama geti liko wazi kabla ya kupanda matatu.

City Park, Parklands, ina kivuli kizito cha msitu wa asili na kaburi la Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, aliyezikwa pale mwaka 1990 karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto. Nenda mkiwa wawili au zaidi, mkae sehemu zenye watu. Karura ni msitu, si bustani, na wenye miguu ya kutembea kutwa wanaijua tayari.

City Park ina kima wengi, na Arboretum vilevile. Wanatambua sauti ya mfuko wa mkate ukifunguliwa, nao hawaogopi mtoto. Chakula kikae kwenye kikapu chenye kifuniko cha kubana, kitoke kwa zamu, na ndizi ziliwe kwanza ili zisiwe kishawishi. Usiwape hata ganda. Kima aliyezoea kulishwa ndiye anayempokonya mtoto wa mtu mwingine wiki ijayo, na akimng'ata, safari inaishia hospitalini kwa sindano za kichaa cha mbwa.

Katika vyakula, acha nyumbani saladi zenye mayonezi na maziwa ya wazi. Chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na karanga huvumilia. Matunda beba mazima na kisu. Yale yaliyokatwa na kupangwa juani kando ya barabara yaache. Maji tia kwenye chupa ya kudumu: chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, na mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017. Mtu mzima asipungukiwe na lita moja na nusu kwa nusu siku, na mzee akumbushwe kunywa, kwa sababu hewa kavu ya hapa hukausha mwili bila kiu kuonekana. Beba pia karatasi ya chooni. Usiniulize kwa nini.

Kofia iwe yenye ukingo mpana, kwa kuwa chepeo hukinga uso na kuacha masikio na shingo. Ngozi nyeusi ina kinga yake, lakini macho hayana, na ngozi ya mtoto mchanga isiachwe juani hata kidogo. Mwenye ualbino apake mafuta ya kukinga jua yenye nguvu ya 30 au zaidi, arudie kila saa mbili, avae mikono mirefu, na kikundi kizima kikae anapopata kivuli yeye.

Oktoba, Novemba na Machi jua la asubuhi halina ahadi. Likichoma isivyo kawaida saa tano, tazama angani saa nane. Mawingu yakianza kurundikana, kunja leso. Radi ikikukuta, mti mrefu uliokufaa mchana ndio wa kukimbia kwanza. Siku kavu, anza kufungasha saa kumi na nusu: mageti hufungwa saa kumi na mbili, na baada ya saa kumi na moja matatu za kurudi mjini hupandisha nauli.