Samaki wa Kibandani na Mzio Usiokuwa Mzio

Kojani, kisiwa kilicho pembeni mwa Pemba upande wa mashariki, ni kisiwa cha wavuvi. Anayekula nje ya nyumba yake, hasa aliyekwenda dago, aghalabu hula samaki.

Hutokea kwamba, chini ya saa moja baada ya kula jodari au vibua, mlaji huwashwa midomo na ngozi, uso humpata joto, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, na pengine hutapika. Kituoni huambiwa ana mzio wa samaki, asiwale tena. Kwa Mkojani hukumu hiyo ni nzito, na huenda si ya haki.

Samaki wa jamii hizo wana histidini nyingi nyamani. Wakikaa na joto bila barafu, bakteria huigeuza kuwa histamini, hata kabla harufu haijabadilika. Moto hauiondoi, wala ndimu. Mpishi hodari hawezi kutengeneza kilichoharibikia chomboni.

Kwa hiyo mhudumu wa afya aulize: waliokula samaki huyohuyo wana hali gani? Mgonjwa amewahi kumla bila taabu? Dawa za kuzuia histamini kwa kawaida hutuliza hali hii. Lakini pumzi ikibana au shinikizo la damu likishuka, atibiwe mara moja kama mwenye mzio mkali.

Mlaji naye, akihisi ukali wa pilipili katika samaki asiyetiwa pilipili, aache kula. Na kabla ya kuagiza, aulize samaki alikuwa barafuni tangu lini.