Kielezi cha Kiingereza "already" na Visawe Vyake katika Kiswahili

Kielezi "already" hudokeza kwamba tendo limetimia, tena pengine mapema kuliko ilivyotarajiwa. Nchini Uganda, ambako wengi wetu tulisomeshwa kwa Kiingereza, mwanafunzi hukimbilia kisawe kimoja tu: *tayari*. Tukikikubali kila mahali, tunamzoesha kutafsiri neno kwa neno. Tuvichunguze visawe vitatu.

(a) -mesha-
Hiki ndicho kisawe cha kawaida. Kimetokana na *-me-* na kitenzi *kwisha*: amekwisha kufika, amekwishafika, ameshafika. Vitenzi vya silabi moja hubaki na *ku-*: ameshakula. Kwa wakati uliopita au ujao, tunatanguliza kitenzi *kuwa*:
Tulipofika kituoni, basi lilikuwa limeshaondoka.
Saa nne watakuwa wameshawasili.

(b) tayari
Maana yake ya msingi ni hali ya kuwa katika matayarisho kamili. Tulinganishe:
Chakula ki tayari. (Tunaweza kupakua.)
Chakula kimeshaliwa. (Hakuna cha kupakua.)
Neno hili huweza pia kutilia mkazo tendo lililotimia: Tayari wageni wamefika. Hata hivyo, lisichukue nafasi ya *-mesha-* katika kila sentensi.

(c) mara hii
Hutumika katika swali la mshangao: Mnaondoka mara hii? Muulizaji anastaajabia haraka ya wageni wake.

Ukanushi
Kinyume cha *-mesha-* ni *-ja-*, aghalabu pamoja na *bado*. Muuguzi akiuliza, "Mtoto ameshakunywa dawa?" jibu "Bado, hajanywa" lina maana kwamba tendo lingali linatarajiwa. "Hakunywa" husimulia tu kwamba tendo halikufanyika wakati ule. Lakini akiuliza, "Vipi dawa ya mtoto?" akajibiwa "Tayari", hatajua kama dawa imeshanywewa au imeandaliwa tu. Hapo dozi yaweza kurudiwa au kukosekana. Kwa hiyo tusilichukulie kosa hili kuwa dogo tunaposahihisha madaftari.

Zoezi
1. Sahihisha: Baba alienda tayari sokoni.
2. Kanusha: Wameshapanda mahindi.
3. Eleza tofauti: Mwalimu yu tayari kufundisha; Mwalimu ameshafundisha.
4. Tunga mazungumzo mafupi ya mwenyeji na mgeni yenye *-mesha-*, *bado* na *mara hii*.