Mapipa Yanayovunjika ili Watu Wapone

Wazee husema: Ajali haina kinga. Kweli, hakuna mtu ajuaye saa wala mahali itakapompata. Lakini watu wenye akili wamejiuliza hivi: Kama hatuwezi kuizuia kila ajali isitokee, je, hatuwezi kuupunguza ukali wake? Katika somo hili tutaona jinsi mchanga na mapipa vilivyookoa roho za watu wengi barabarani. Tutaona pia ni mambo gani hayo ambayo sisi wenyewe, hapa Mubi, twaweza kujifunza.

1. Yai, jiwe na mchanga

Chukueni mayai mawili yaliyoharibika, msipoteze chakula. Wekeni chini jiwe bapa, na kando yake beseni lenye mchanga mkavu uliochekechwa. Angusheni yai moja juu ya jiwe kutoka kimo cha goti. Lapasuka papo hapo. Sasa angusheni la pili mchangani, kimo kile kile. Mara nyingi yai hili huzama kidogo tu, likabaki zima.

Sababu ni nini? Mayai yote mawili yalishuka kwa mbio moja. Lakini jiwe halikusogea hata kidogo, kwa hiyo yai la kwanza lilisimama ghafla. Mchanga ulisogea, ukalipa yai la pili nafasi ya kusimama polepole.

Ninyi wenyewe mwaijua kanuni hii. Mwenzako akikutupia embe kutoka mtini, huinyoshi mikono yako ikakakamaa. Waivuta nyuma kidogo pamoja na embe. Asiyejua kudaka huumia vidole, na embe hupondeka.

Basi shikeni neno hili: Kitu kiendacho mbio kikisimama katika nafasi fupi, pigo lake ni kali. Kikisimama katika nafasi ndefu, pigo hupungua.

2. Tupige hesabu

Motokaa iendayo kilometa 36 kwa saa ikigonga ukuta wa mawe, ni kama imeanguka kutoka juu ya nyumba yenye kimo cha mita 5. Ikienda kilometa 72 kwa saa, ni kama imeanguka kutoka mti wenye kimo cha mita 20. Angalieni vizuri: mbio zimezidi mara 2, lakini kimo kimezidi mara 4. Ndiyo sababu dereva anayezidisha mbio kidogo anazidisha hatari sana.

Sasa tumfikirie mtoto wa kilo 30 aliyefungwa mkanda katika motokaa iendayo kilometa 72 kwa saa. Ikisimama katika nafasi ya sentimita 20 tu, mkanda utamvuta kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 3,000. Hakuna mbavu ziwezazo kuustahimili. Lakini motokaa hiyo hiyo ikisimama katika nafasi ya mita 4, nguvu hiyo itakuwa sawa na kilo 150. Mtoto ataumia kidogo, naye atapona. Mita 4 ni sentimita 400. Gawanyeni kwa 20, mtapata 20. Nafasi imezidi mara 20, na pigo limepungua mara 20.

Kazi yote ya wahandisi wa barabara ni hiyo: kutafuta mita hizo 4.

3. Mtu aliyeona msiba akatafuta dawa

Mji wa Le Mans huko Ufaransa wajulikana kwa mashindano ya motokaa yanayoendelea saa 24, usiku na mchana. Tarehe 11 Juni 1955 watu wengi sana walikuwa wamesimama kando ya njia wakitazama. Dereva mmoja Mfaransa, Pierre Levegh, alikuwa akiendesha motokaa ya Mercedes kwa mbio za kutisha. Aliligonga kwa nyuma gari jingine lililokuwa mbele yake. Motokaa yake ikaruka, ikaangukia tuta la udongo lililowatenga watazamaji na njia, ikavunjika, na vipande vyake vikawaendea watu. Levegh alikufa, pamoja na watazamaji zaidi ya 80.

Mwenzake Levegh, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kuendesha motokaa ile ile, alikuwa Mmarekani jina lake John Fitch. Katika Vita Kuu ya Pili Fitch alikuwa rubani wa ndege za vita. Siku ile ya Le Mans aliwashauri wakubwa wa Mercedes waondoke mashindanoni, na usiku ule wakaondoka. Tangu hapo hakuacha kujiuliza namna ya kuwaokoa watu barabarani.

Alikumbuka jambo moja la vitani. Alikuwa akiizungushia hema yake makopo ya mafuta yaliyojazwa mchanga, ili risasi za ndege za adui zisimfikie. Mchanga huweza kuimeza nguvu ya risasi. Je, hauwezi kuimeza nguvu ya motokaa? Fitch akaanza kupanga vyombo vya mchanga na kuvigonga kwa motokaa, yeye mwenyewe akiwa ameshika usukani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mapipa yake ya plastiki yalianza kuwekwa kando ya barabara kuu za Marekani. Yapo hadi leo, na kwa kawaida huwa na rangi ya manjano yaonekane mbali. Inakadiriwa kwamba yameokoa watu wapatao 17,000. Fitch alikufa mwaka 2012, mzee wa miaka 95.

4. Namna mapipa yanavyopangwa

Mtu asiyejua angesema: Tuweke mchanga mwingi mbele, ili gari lisimame upesi. Hilo ni kosa kubwa. Pipa lililojaa mchanga ni zito karibu kama motokaa yenyewe, na kulikuta kwanza ni kama kukuta ukuta.

Fitch aliyapanga kwa safu, lile jepesi mbele na lile zito nyuma. Pipa la kwanza lina mchanga wa kilo 90 hivi, la pili 180, la tatu 320, la nne 640, la tano 960. Tufuate motokaa ya kilo 1,000 ijayo kwa kilometa 72 kwa saa. Inapogonga pipa la kwanza, plastiki yapasuka na mchanga watawanyika. Motokaa imeugawia mchanga sehemu ya mwendo wake. Mbio zake sasa ni kilometa 66. Baada ya pipa la pili, 56. Baada ya la tatu, 42. Baada ya la nne, 26. Baada ya la tano, 13 tu. Kila pipa limechukua sehemu yake, na hakuna lililompiga dereva pigo la kuua.

Sasa geuzeni safu hiyo, lile la kilo 960 likae mbele. Kwa pigo la kwanza tu mbio zingeshuka kutoka 72 hadi karibu 37. Mchanga ni ule ule, mapipa ni yale yale, lakini mpangilio mbaya umeleta hatari.

Mambo mengine yahitaji uangalifu. Mchanga uwe mkavu, na mapipa yawe na vifuniko, maana mchanga uliolowa hugandamana ukawa mgumu. Katika nchi za baridi huuchanganya na chumvi usigande kwa barafu. Tena katika mapipa mepesi mchanga huinuliwa kwa kitu kilichowekwa chini yake, ili ukutane na uso wa gari. Mchanga ukikaa chini mno, gari laweza kuupanda na kuruka juu.

5. Mapipa matupu

Miaka ile ile ya 1960 mafundi wa Texas, huko Marekani, walitafuta njia nyingine. Walichukua mapipa ya chuma yaliyokwisha mafuta, yale ya lita 200 hivi ambayo ninyi mwayaona kila mahali panapouzwa mazutu. Hawakutia mchanga. Waliyatoboa matundu makubwa juu na chini ili yawe malegevu, wakayaunga pamoja kwa safu. Motokaa ilipoyagonga, yalijikunja moja baada ya jingine, kama kopo la maziwa chini ya kiatu.

Mwaona kwamba njia ni mbili. Pipa la mchanga huchukua mwendo wa gari. Pipa tupu huchukua nguvu ya gari kwa kukunjika kwake. Lakini yote mawili hufanya kazi moja: yanaharibika yenyewe ili mtu asiharibike. Baada ya ajali huondolewa, yakawekwa mapya. Pipa hununuliwa, mtu hanunuliwi.

6. Mahali pa kuyaweka

Mapipa haya hayawekwi kila mahali. Huwekwa mbele ya kitu kigumu kisichoweza kuondolewa: nguzo ya daraja, au ncha ya ukuta wa saruji. Wahandisi hujiuliza maswali matatu kwa utaratibu. Je, kitu kigumu chaweza kuondolewa? Kama ndiyo, kiondolewe. Kama sivyo, je, chaweza kuzungushiwa ukuta au bamba la chuma litakalolielekeza gari kando? Na kama hilo nalo halitoshi, ndipo huweka mapipa mbele yake.

 Kule Kenya, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, tarehe 31 Desemba 2017, mahali paitwapo Migaa, basi na lori viligongana uso kwa uso, watu 36 wakafa. Katika barabara ile serikali ilijenga baadaye ukuta wa saruji katikati, kuyatenga magari yaendayo na yale yajayo. Ukuta wa namna hii haukunjiki. Kazi yake ni kulirudisha gari upande wake. Lakini ncha ya ukuta ni kama jiwe: hapo ndipo pahitajipo kitu cha kuvunjika.

Tena msidhani kwamba mapipa yatosha kwa kila gari. Chukueni lori la tani 20 kwa mbio zile zile za kilometa 72. Likipita katika mapipa yote matano, bado litakwenda kilometa 65 kwa saa. Ni kama mbwa kumzuia tembo. Kwa ajili ya malori, penye mteremko mrefu, hujengwa njia ya kando yenye kokoto nyingi zisizoshindiliwa, mara nyingi ikipanda mlima. Dereva aliyepotelewa na breki huingia humo, magurudumu yakazama, na lori likasimama polepole. Ni kanuni ile ile ya yai na mchanga.

7. Na sisi je?

Neno barieri twalijua sana. Kwetu ni mti au kamba ikatayo barabara, watu wasimame. Kuna pia barieri ya mvua, ifungwayo wakati wa mvua ili kamiyo zisiiharibu njia ya udongo. Kizuizi tulichojifunza leo ni cha namna nyingine: hakimwambii mtu asimame, bali humpokea aliyeshindwa kusimama.

Barabara ya Taifa namba 3, itokayo Bukavu kwenda Kisangani kwa njia ya Walikale, yapita hapa. Penye matope magari hutambaa. Penye lami hukimbia. Kule Kilambo lami ilikuwa nzuri hata ndege ndogo zikatua juu yake, miaka ya 2000, kuchukua mawe ya bati yaliyotoka Bisie. Barabara nzuri ni baraka kwa mkulima na mgonjwa. Lakini kila lami inapoongezeka, mbio huongezeka, na kanuni ya mita 5 na mita 20 haimwonei mtu haya. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ndizo ziuazo kuliko jambo lolote lingine watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Umri huo ni wenu.

Basi tufanye yaliyo katika uwezo wetu.

Kwanza, kamiyo ikiharibika njiani, dereva huweka mawe nyuma ya magurudumu na matawi ya miti mbele na nyuma. Ni desturi njema. Lakini wengi wakiondoka huyaacha mawe pale pale. Mwenye pikipiki ajaye usiku huyakuta. Mkiyaona, mwambieni mtu mzima ayaondoe.

Pili, msikae kwenye nguzo za daraja wala nje ya kona. Gari lililoshindwa hukimbilia huko.

Tatu, msipande juu ya shehena ya kamiyo. Aliye juu hana mkanda wala cha kumpokea. Kamiyo itasimama, yeye ataendelea na mbio zile zile.

Nne, anayetaka kuweka alama kando ya njia karibu na nyumba yake asiweke jiwe kubwa. Mti mwembamba uliopakwa chokaa huonekana vile vile, nao huvunjika ukigongwa.

Ajali haina kinga, walisema wazee. Walisema pia: Tahadhari kabla ya hatari. Methali hizi mbili hazigombani. Ya kwanza yatufundisha kutojivuna. Ya pili yatufundisha kazi.

Maswali

1. Kwa nini yai lililoangukia mchangani halikupasuka?
2. Mbio za gari zikizidi mara 3, kimo cha kuanguka kitazidi mara ngapi?
3. Kwa nini pipa jepesi huwekwa mbele na zito nyuma?
4. Eleza tofauti ya pipa la mchanga na pipa tupu.
5. Kwa nini mapipa hayawezi kulisimamisha lori kubwa? Lahitaji nini badala yake?
6. Tembeeni na mwalimu kando ya barabara. Andikeni vitu vigumu mtakavyoviona, na karibu na kila kimoja andikeni: chaweza kuondolewa, au hakiwezi.