"Afande" si neno la Kiarabu



Hapa Ibighi, Tukuyu, nawasikia mara kwa mara vijana wetu wakidai kwamba kila neno lililokuja na Waislamu ni la Kiarabu. Mfano wanaoupenda ni "afande". Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakamkataza mtoto wa madrasa kusema Kinyakyusa, eti si lugha ya dini. Naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu.

"Afande" limetokana na "efendi", neno la Kituruki lenye maana ya bwana. Waturuki nao walilipata kwa Wagiriki. Katika majeshi ya wakoloni kulikuwa pia na "ombasha", yaani koplo, na "bimbashi", yaani meja. Kwa Kituruki "on" ni kumi, "bin" ni elfu, na "baş" ni kichwa. Basi ombasha ni mkuu wa watu kumi, na bimbashi ni mkuu wa watu elfu.

Yalifikaje huku? Dola ya Uthmaniya iliitwaa Misri mwaka 1517, na jeshi la Misri likawa na vyeo vya Kituruki. Mwaka 1820 jeshi hilo liliivamia Sudan, na Wasudani wakauita utawala ule "Turkiyya". Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann aliajiri mjini Cairo askari wa Kisudani wapatao 600, waje kupigana na Abushiri bin Salim huko pwani. Walikuja na vyeo vyao, Wajerumani wakavichukua. Baadaye jeshi hilo likaweka kikosi Masoko, si mbali na hapa, wakati Tukuyu ikiitwa Neu Langenburg. Kwa hiyo neno tunalolidhania la dini lilikuja pamoja na bunduki ya mkoloni, vinywani mwa Waislamu waliolipwa kuwapiga Waislamu wenzao. Asiyejua asili ya neno hilo hawezi kuijua historia hii.

Tena Kituruki si lugha ya taifa moja tu. Ni ukoo wa lugha, kama ulivyo ukoo wetu wa Kibantu. Kiswahili kinasema "mtu" na "watu", Kinyakyusa "umundu" na "abandu". Vivyo hivyo, kumi ni "on" kwa Mturuki wa Istanbul, kwa Mkazakh, kwa Mkirgizi na kwa Muighuri wa China. Wasemaji wa ukoo huo ni zaidi ya milioni 150, kutoka Uturuki hadi Siberia. Wengi ni Waislamu, lakini Wagagauz na Wachuvash wengi wao ni Wakristo.

Waliosilimu hawakuzitupa lugha zao. Katika karne ya 11, Mahmud al-Kashgari aliandika huko Baghdad kamusi ya kuwaelezea Waarabu lugha za Kituruki. Aliiandika kwa Kiarabu, wala hakuionea haya lugha ya mama yake.

Ndugu zangu, Kiarabu tukisome kwa bidii, kwani ndiyo lugha ya Qur'ani na ya swala zetu. Lakini Surat Rum, aya ya 22, inazihesabu tofauti za ndimi zetu miongoni mwa ishara za Allah. Basi ustadhi, mtoto akikwama katika maana ya sura, mfafanulie kwa Kinyakyusa. Usimchape kwa sababu amekisema.

Wabillahi tawfiq.