Gari la Kulala Lisichemshe Kati ya Sirari na Geti la Ikoma

Msafiri aliyelala Masai Mara na gari lake la kulala, akitaka kuingia Serengeti, hawezi kukata moja kwa moja. Njia ya Bologonja iliyokuwa ikiunganisha hifadhi hizi mbili imefungwa kwa watalii tangu mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977. Mpaka ulifunguliwa tena, njia hiyo haikufunguliwa. Kwa hiyo anazunguka: Isebania, Sirari, Tarime, Nyamwaga, Nyamongo, anavuka Mto Mara, anafika Mugumu, ndipo ashike njia ya Geti la Ikoma. Huko hupita malori ya watalii, Land Cruiser zenye hema juu ya paa, na HiAce na Coaster zilizong'olewa viti zikawekwa kitanda na jiko. Kutoka Tarime hadi Mugumu ni kilomita tisini hivi, vipande vya lami na vya changarawe, vyenye vilima, vumbi na mwendo mdogo. Mazingira haya huikamata injini yoyote iliyobeba nyumba mgongoni.

Gari likichemsha, dereva hukimbilia dumu la maji. Lakini maji hayaondoi joto. Kazi yake ni kulitoa kwenye injini na kulipeleka kwenye rejeta. Kinacholiondoa garini ni hewa inayopita katikati ya mapezi ya rejeta. Hewa isipopita, hata umimine kisima kizima haisaidii. Katika Tarime na Serengeti, adui mkubwa wa hewa hiyo ni mbegu za majani na vumbi, na adui wa pili ni vitu tulivyovifunga wenyewe kwenye gari tukidhani tunalipamba au tunaliimarisha.

Anza kwa kuijua njia ya hewa ya gari lako. Funga breki ya mkono, weka gia huru, fungua boneti na uifuate hewa kwa macho: inaingia kwenye grili, au shoo kama mafundi wanavyoiita, inapita kondensa ya kiyoyozi, inapita rejeta, inavutwa na feni, inazunguka injini, kisha inatokea chini ya gari. Hapo mwisho pasahauliwe. Hewa isiyo na pa kutokea haiingii. Mafundi wanaogeuza HiAce kuwa nyumba hupenda kuning'iniza tangi la maji ya kuogea na sanduku la betri chini, nyuma tu ya injini, kwa kuwa pana nafasi. Ile nafasi ndiyo mlango wa kutokea joto. Tangi lisogezwe nyuma, karibu na ekseli, hata kama bomba litakuwa refu zaidi.

Kisha pima. Washa injini mpaka ipate joto lake la kawaida, halafu mtu mmoja aweke karatasi ya daftari mbele ya grili huku mwingine akikanyaga mafuta kidogo. Karatasi inapaswa kuvutwa na kunata. Ikidondoka, ama feni haivuti ama rejeta imeziba. Kwa magari ya feni ya umeme, subiri feni iwake kwanza. Kama una Volkswagen Kombi ya zamani, ile isiyo na maji kabisa, kipimo hiki si chako. Injini yako iko nyuma na hewa inaingia kwenye matundu ya ubavuni. Wewe kagua mpira unaoizunguka injini na kuitenga sehemu ya juu yenye hewa baridi na ya chini yenye hewa ya moto. Ukichanika, injini inavuta joto lake yenyewe, na katika vilima vya Tarime itakufa mapema.

Sasa kazi yenyewe kubwa, kusafisha rejeta. Nyumbu huvuka Mto Mara upande wa Kogatende na Lamai kati ya Julai na Oktoba, na wageni wengi huja kipindi hicho. Ni kipindi hichohicho majani yamekauka na kubeba mbegu. Kwenye njia ambayo majani yameota katikati ya alama za matairi, bampa linayapukusa na mbegu zote zinaingia kwenye grili. Mbegu ina manyoya, manyoya yanashika vumbi, vumbi likikutana na tone la oili linakuwa saruji. Ukitazama kwa mbele unaweza kuona rejeta safi kumbe uchafu wote umejificha kati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo macho hayafiki. Chukua tochi, mulika kutoka upande wa injini, na mtu mwingine atazame kwa mbele. Sehemu isiyopitisha mwanga haipitishi hewa.

Injini iwe imepoa. Fungua bolti za juu za kondensa uisogeze mbele kwa upana wa vidole viwili au vitatu bila kukata wala kukunja mabomba yake ya gesi. Toa mbegu kwa brashi laini, ukifuata mapezi juu na chini, kamwe usisugue kwa kukatisha. Kama kuna oili, pulizia maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo, acha dakika 10. Kisha suuza kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume cha hewa inavyoingia, ili uchafu urudi ulikotokea. Ukisuuza kwa mbele unaushindilia ndani.

Tumia mpira wa bustani au ndoo na kopo. Ile mashine ya presha ya pale wanapoosha magari inalaza mapezi, na pezi lililolala ni ukuta. Mwambie kijana anayeosha kwa upole lakini kwa msisitizo: "Mdogo wangu, hapa mbele naomba usipige presha." Kompresa ya gereji inafaa ikiwa utapunguza upepo wake na kuiweka mbali kiasi cha shibiri moja. Mapezi yaliyolala yanyooshe kwa kisu butu, taratibu, moja moja. Ni kazi ya mchana mzima kwa rejeta iliyochakaa, na hakuna pesa utakayoilipa gereji itakayokupa faida kama mchana huo.

Baada ya hapo funga wavu wa dirisha, ule wa kuzuia mbu, mbele ya grili. Wavu unazuia mbegu, lakini wavu wenyewe ukijaa ni blanketi. Kwa hiyo uwe wa kufungua na kufunga, na ukung'utwe kila unaposimama. Ukiingia kwenye lami, uvue.

Vitu vya mbele vinahitaji ukali. Ngao yenye mabomba manene, taa nne kubwa za duara, winchi, spea tairi iliyofungwa puani: kila kimoja kinakata sehemu ya upepo, na vikikusanyika gari linapumulia tundu la sindano. Taa zihamishie juu kwenye keria. Spea iende nyuma. Naelewa kwamba ngao ina kazi yake pale ng'ombe wanapokatiza barabara, nayo si vibaya ikabaki. Iwe na nafasi kubwa katikati, mbele ya rejeta hasa.

Feni inahitaji kava lake, lile duara la plastiki linaloizunguka. Magari mengi yaliyofunguliwa injini hurudishwa bila kava kwa sababu lilivunjika na fundi akaona ni pambo. Bila kava, feni inavuta hewa ya moto kutoka pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Tafuta kava la gari hilohilo. Kwa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya dizeli ya lita 4.2 iliyojaa kwenye magari ya hifadhini, feni inazungushwa na mkanda kupitia klachi ya majimaji. Ipime hivi: injini ikiwa imezimwa na ni baridi, zungusha feni kwa mkono, iwe na ukinzani kidogo. Injini ikiwa ya moto sana, ukiizima feni isimame upesi. Ikiendelea kuzunguka kama pia, klachi imekufa. Mkanda ukiubonyeza kwa dole gumba, injini ikiwa imezimwa, ulegee kiasi cha sentimita moja.

Ziba pia mianya kati ya rejeta na bodi, juu na pembeni, kwa sponji ngumu au mpira. Hewa ni mvivu: ikipata upenyo wa kukwepa rejeta itaufuata, na hewa ya moto ya injini itarudi mbele kupitia upenyo huohuo kila gari linaposimama.

Kuhusu maji, maneno machache. Kwenye mita 1,500 hivi za Tarime, maji matupu huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100. Mfuniko mzima wa rejeta, kwa mgandamizo wake, hupandisha kiwango hicho kwa nyuzi 20 na zaidi, kwa hiyo mfuniko uliochoka ubadilishwe bila kusubiri. Weka kulanti, si maji ya mto. Na usikubali themostati itolewe. Ushauri huo unatolewa karibu kila gereji ya kando ya barabara, na nausema bila kusita kuwa ni ushauri mbaya: injini inakosa joto lake la kufanyia kazi asubuhi, na tatizo la hewa linabaki palepale likingoja kilima kirefu.

Kilima chenyewe unacho ukitokea Musoma: kutoka Daraja la Kirumi, karibu na usawa wa Ziwa Victoria ulio mita 1,134, unapanda hadi Tarime. Panda mapema asubuhi. Punguza gia kabla injini haijaanza kulia. Feni ya mkanda inafuata mizunguko ya injini, si mwendo wa gari, kwa hiyo gia kubwa yenye injini inayoburuta inamaanisha feni inayozunguka polepole wakati joto ni kali zaidi. Zima kiyoyozi. Ukifika juu, usizime injini papo hapo. Iache iungurume dakika mbili tatu.

Ukaguzi wote uishie Mugumu. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti mwendo hauzidi kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo upepo wa mbele ni mdogo na feni ndiyo inabeba kazi yote. Tena huruhusiwi kushuka garini isipokuwa sehemu zilizotengwa, na sababu unaijua. Boneti huwezi kuifungua popote. Kabla ya geti, lala chini ya gari na utoe majani makavu yaliyojisokota kwenye ekzosi na juu ya bati la kukinga injini. Majani hayo huwaka moto, na gari la kulala lina mbao, godoro na mtungi wa gesi.

Mshale wa joto ukianza kupanda ukiwa ndani ya hifadhi, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho na vioo vyote vishushwe. Hita ni rejeta ndogo ya pili, vumilieni joto lake. Tafuta mahali peupe, geuza pua ya gari ielekee upepo, weka gia huru na ukanyage mafuta kidogo ili feni izunguke kwa kasi. Upepo ukiwa unatoka nyuma wakati unatembea taratibu, rejeta hupata hewa kidogo sana, ndiyo maana kugeuka peke yake huweza kushusha mshale. Usiposhuka, au mvuke ukitoka, zima injini, baki ndani na upige simu kwa askari wa hifadhi. Mfuniko wa rejeta usiguswe kabla ya nusu saa, na hata hapo ufunguliwe kwa kitambaa kizito, kidogo kidogo.

Kuna dalili zinazosema kwamba hewa haina kosa. Rejeta ni safi, feni inavuta karatasi, lakini maji yanapungua kila siku bila kuvuja. Chupa ya akiba inatoa mapovu injini ikiwaka. Oili kwenye kijiti imekuwa kama chai ya maziwa. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Usivuke Mto Mara na gari hilo. Rudi Tarime mjini au tafuta fundi Mugumu, na umweleze mambo hayo matatu kwa mpangilio huo kabla hajashika spana.