Ruta Kubwa Zinazobeba Intaneti ya Wengi

Mkulima wa Litein anapofungua eCitizen kwenye simu, ombi lake hufika kwenye mnara wa karibu, huingia kwenye nyaya za faiba, kisha hufikia mashine iitwayo ruta ya ukingoni. Hapo ndipo laini za wateja wengi zinapokutana na njia kuu ya kwenda Nairobi, Mombasa na nyaya za chini ya bahari.

Si ruta ya nyumbani yenye antena. Hii ni sanduku la chuma lililofungwa kwenye kabati, lenye feni za kelele. Kompyuta ya kawaida hushughulikia kila pakiti ya data kwa programu. Ruta hii ina chipu zilizoundwa kwa kazi hiyo tu: kusoma anwani, kutafuta njia, kusukuma mbele. Tundu moja la gigabiti 100 kwa sekunde, likijaa pakiti za baiti 1,500, hupitisha takriban pakiti milioni 8 kila sekunde.

Wanaouza majani mabichi wanaijua hali hii. Mizani ikiwa moja na wachumaji wakafika pamoja kituoni, foleni hurefuka na majani hupata joto ndani ya magunia. Pakiti nazo hupanga foleni katika kumbukumbu ya ruta, na foleni ikijaa, zinazofuata hutupwa. Ndipo simu ya video hukwama. Kwa hiyo ruta huwekewa kanuni za nani atangulie: sauti ya daktari inaweza kupita kabla ya filamu inayopakuliwa.

Ndani, vitu muhimu huwa viwili: vifaa viwili vya kupokea umeme, na katika ruta kubwa, kadi mbili za usimamizi. Kilichoharibika hung'olewa na kingine kuwekwa bila kuzima mashine. Kericho na Bomet, ambako ngurumo za alasiri si habari, hilo si anasa. Nyuzi za faiba ni kioo na hazipitishi umeme. Radi huingia zaidi kupitia nyaya za stima.

Lakini uwili huo haufai kitu ikiwa vifaa vyote viwili vimechomekwa kwenye soketi moja, au nyaya zote mbili zimelazwa katika mtaro mmoja ambao tingatinga moja linaweza kuukata. Baharini ni vivyo hivyo. Februari 2012 nanga ya meli ilikata mkongo wa TEAMS karibu na Mombasa, na Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika pamoja, intaneti ikazorota nchini.

Mkazi anayehudhuria kikao cha ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti anaweza kuuliza mambo mawili kuhusu intaneti ya hospitali na ofisi za kaunti: je, laini ya pili inapita barabara nyingine? Na stima ikipotea, betri zitashikilia ruta kwa saa ngapi?